Kwa Nini Umri wa Mimba Hutofautiana?

Mume anasoma katika kadi ya kliniki kwamba mimba ya mkewe ina wiki 10, naye alirejea kutoka safari ndefu wiki 8 tu zilizopita. Shaka inaingia, na amani ya ndoa inatikisika. Kabla ya kutamka neno la kujeruhi, yafaa kufahamu jinsi umri huo unavyohesabiwa.

Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mama huweza kuikumbuka. Siku hiyo mimba bado haijatungwa. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, hutungwa takribani wiki 2 baadaye. Hivyo wiki 10 za kadi ni wiki 8 hivi tangu mtoto alipotungwa. Mzunguko ukiwa mrefu, tofauti huzidi.

Ultrasaundi hupima ukubwa wa mtoto, lakini majibu yake pia huandikwa kwa hesabu ileile ya hedhi. Ikifanyika kabla ya wiki 14, hukosea kwa siku chache tu. Katika miezi 3 ya mwisho kosa huweza kufikia wiki 3, kwa maana watoto hukua kwa kasi tofauti.

Wanandoa wapendwa, tarehe ya kadi ni makadirio ya kumtunza mama na mtoto. Si ushahidi wa usaliti. Nendeni kliniki pamoja, mapema, mkamwulize mkunga.