Kibaha na Kisarawe hadi Dar: Hesabu Nauli ya Safari, Si ya Gari

Mkazi wa Kibaha na mkazi wa Kisarawe wote ni watu wa Mkoa wa Pwani, na wengi wao riziki yao iko Dar es Salaam. Wa Kibaha hushika Barabara ya Morogoro, takriban kilomita 40 hadi katikati ya jiji. Wa Kisarawe huteremka vilima vya Pugu, akapita Gongo la Mboto, akaingia mjini kwa Barabara ya Nyerere. Magari ni mengi kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Hata hivyo abiria anaweza kupanda gari la bei nafuu, kisha jingine la bei nafuu, na jioni akakuta mfuko umetoboka. Sababu ni moja: kila anaposhuka na kupanda tena, nauli inaanza upya.

Tulikotoka

Mwaka 1974 liliundwa shirika la mabasi la UDA kuhudumia jiji, na KAMATA ikabeba safari za mikoani. Waliokuwa watu wazima enzi hizo wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungary, yale marefu yenye kiungo katikati, na wanazikumbuka zaidi foleni za kuyasubiri. Nauli ilikuwa ndogo, na ukishapata nafasi kwenye basi unakwenda nalo mbali. Shida ilikuwa kulipata. Fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri navyo vikaadimika, na mabasi yakalala gereji huku jiji likizidi kukua.

Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi, ndiyo daladala, kubeba abiria kihalali, kwa nauli ya shilingi tano. Yakaja magari ya kila aina: pikapu na malori madogo yaliyofungwa mabenchi, abiria wakitazamana, yale tuliyoyaita chai maharage, baadaye vipanya, DCM na Coaster. Kwa watu wa pembezoni yalikuwa mkombozi. Lakini yalileta pia mtindo ambao haujaisha hadi leo: dereva ana hesabu ya bosi ya kutimiza, kwa hiyo anapenda safari fupi zenye abiria wengi kuliko safari ndefu ambayo nusu ya njia siti ziko wazi. Mabasi ya zamani yalimla abiria muda. Ya sasa yanamla nauli ya vipande vipande.

Nauli ilivyopanda

Tuiangalie nauli ya chini ya daladala, ya safari isiyozidi kilomita 10. Mwaka 2013, chini ya SUMATRA, mdhibiti wa usafiri wa wakati huo, ilitoka shilingi 300 hadi 400. LATRA, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2019, iliipandisha hadi 500 mwaka 2022, kisha 600 kuanzia Desemba 2023. Nauli ya mwanafunzi ilibaki 200.

Kwa mabasi ya masafa marefu hesabu ni ya kilomita. Viwango vya Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Ukipiga hesabu, kilomita 40 ni kama shilingi 1,940 kwa basi la kawaida na 2,710 kwa daraja la kati. Ishike hesabu hiyo, maana ndiyo kipimo chako konda wa basi la mkoani anapokutajia bei akiwa mlangoni.

Kibaha: njia nyingi, kubadili magari kwingi

Kibaha imepata neema ya barabara. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane, na foleni iliyokuwa ikianzia Kibamba na Mbezi imepungua sana. Abiria wa Maili Moja, Picha ya Ndege au Kwa Mathias ana njia tatu za kuingia mjini kwa barabara.

Ya kwanza ni daladala. Zipo tangu alfajiri hadi usiku, hazihitaji tiketi ya mapema, na zinakushusha popote. Ubaya wake ni kukatisha ruti: gari limeandikwa mwisho wa safari mbele ya kioo, lakini konda anawashusha Mbezi Luis au Kimara kwa kisingizio cha foleni. Hapo umelipa kipande, na kipande kingine kinakungoja.

Ya pili ni basi la mkoani linalotoka Morogoro au mbali zaidi. Lina siti ya uhakika na mwendo mzuri. Lakini tangu mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kimehama Ubungo kwenda Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Magufuli. Zamani, lilipokuwa likiishia Ubungo, na kabla ya hapo katikati ya jiji, basi hilo lilikuwa safari kamili. Leo kwa mtu wa Kibaha ni nusu ya safari: ukifika Mbezi bado una daladala au mwendokasi mbele yako. Lichague kama unakwenda Mbezi au jirani yake, au una mzigo.

Ya tatu ni mwendokasi, mabasi ya njia maalumu unayoweza kuungana nayo Kimara. Mabasi hayo yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, ya njia mlisho 400, na aliyeunganisha zote mbili alilipa 800 badala ya 1,050. Hiyo shilingi 250 iliyookolewa ndiyo somo kubwa kuliko yote katika makala hii: tiketi moja kwa safari nzima inawezekana, na imewahi kuuzwa hapahapa kwetu.

Ipo pia treni ya SGR, ambayo inapita wilaya ya Kibaha kwenye vituo vya Soga na Ruvu. Safari zilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilipangwa shilingi 4,000 hadi Soga na 5,000 hadi Ruvu. Ni usafiri wa heshima, lakini vituo viko ndani, mbali na Barabara ya Morogoro, na utahitaji bodaboda kuvifikia. Inamfaa anayeishi Soga kwenyewe au mwenye safari ya mara mojamoja. Kwa mtu wa Maili Moja anayekwenda kazini kila siku, haimfai.

Kisarawe: barabara moja, uvumilivu mwingi

Kisarawe iko karibu na jiji kuliko Kibaha, lakini haina barabara kuu ya mikoani inayoipitia na kuiletea mabasi ya ziada. Mji wote unategemea daladala zinazoteremka Pugu. Ukifika Gongo la Mboto, magari ya mjini ni mengi; jioni, unaporudi, hapo ndipo vita ya siti inapoanza. Wengi hulazimika kugeuza na gari: wanalipanda likiwa linaelekea mjini, wanalipa nauli ya kwenda nalo, kisha wanalipa tena ya kurudi, ili tu wakae. Siti hiyo imegharimu angalau shilingi 600 za ziada. Kwa mjamzito, mzee au mtu aliyesimama kazini kutwa nzima, simlaumu anayelipa. Ila aiandike kwenye hesabu ya mwezi, asiione kama chenji.

Treni ni chaguo la pili. Mwaka 2016 ilianza treni ya abiria kati ya Pugu na katikati ya jiji kwenye reli ya zamani, na SGR nayo ina kituo Pugu, kwa nauli iliyopangwa shilingi 1,000 hadi Dar. Treni haijui foleni ya Barabara ya Nyerere. Lakini ina saa zake, na kutoka Kisarawe lazima kwanza uteremke hadi stesheni. Kwa nauli ya chini ya daladala, hiyo ni 1,600 kabla hujapanda bodaboda yoyote. Lipa kama saa za treni zinaendana na saa zako za kazi. Vinginevyo muda uliookoa njiani utauacha kwenye benchi la stesheni.

Wenye hali ngumu zaidi ni wa vijiji vya ndani, Maneromango, Msanga, Mzenga na kwingineko. Viwango vyenyewe vya nauli vimewahi kuruhusu nauli kubwa panapokuwa na vumbi: mwaka 2013, kwa mabasi ya masafa marefu, lami ilikuwa shilingi 36.89 kwa kilomita na vumbi 46.11, yaani robo zaidi. Anayelima mihogo na nanasi ndiye anayelipa kilomita ghali kuliko mwenye ofisi mjini.

Hesabu ya mwezi

Mtu anayepanda magari mawili ya nauli ya chini kwenda na mawili kurudi hutumia 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 52,800. Akikatishiwa ruti kila mara, magari yakawa matatu kila upande, ni 79,200. Tofauti ni 26,400 kwa mwezi. Kwa mtumishi wa kima cha chini cha Serikali cha shilingi 500,000, kilichoanza Julai 2025, anatoka kulipa kumi na kidogo katika kila mia hadi karibu kumi na sita. Mtoto wa shule anayebadilisha gari naye hulipa 200 mara mbili, kama konda amekubali kumpakia.

Uamuzi

Kwa mtu wa Kibaha anayekwenda kazini kila siku, daladala inayofika mwisho wa ruti yake ndiyo nafuu. Ikikatisha, mwendokasi kuanzia Kimara ni bora kuliko daladala ya pili. Kwa mtu wa Kisarawe, daladala ya moja kwa moja ni ya kwanza, na treni ya Pugu ni ya pili kwa mwenye saa za kazi zisizobadilika. Kwa wote wawili: uliza gari linaishia wapi kabla hujakaa, kata tiketi, na ukikatishiwa ruti shika namba ya gari uripoti LATRA, maana kukatisha ruti ni kosa.

Na kwa LATRA, na kwa DART wanaosimamia mwendokasi, ombi letu ni moja: rudisheni na panueni tiketi ya pamoja, daladala, mwendokasi na treni, hadi Kibaha na Kisarawe. Abiria wa pembezoni ananunua safari moja. Atozwe safari moja.