Programu za kutunza malengo: mbunifu wa simu aanzie njia ya Tabora

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili ambayo ndiyo asili ya mji wa Tabora. Burton alihesabu siku 134 tangu walipoiacha pwani. Vitabu vya Ulaya viliisimulia safari ile kana kwamba ni ajabu, lakini mwenyeji wao, Snay bin Amir, hakuiona hivyo. Misafara ya Wanyamwezi na ya watu wa pwani ilikuwa ikiipita njia hiyo tangu zamani, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kutoka Unyanyembe hadi Ujiji, na misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda kwa kasi zaidi.

Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Historia hiyo haifichiki wala haifai kufichwa. Katika makala haya tunamtazama mtu mmoja tu kati ya waliopita humo, naye ni pagazi wa kuajiriwa. Mtu huyu alijitwika mzigo uliokaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, akaelekea mahali palipo mbali naye kwa kilomita 800 hivi. Alifanyaje hata asikate tamaa katikati ya njia?

Swali hilo lina maana kwetu leo kwa sababu simu zetu zimejaa programu zinazodai kutusaidia katika jambo hilohilo. Kuna programu za kukumbusha swala, za kuhitimisha msahafu, za kuweka akiba ya ada ya shule, za kupunguza uzito, za kumzuia mwanafunzi asichezee simu wakati wa kusoma. Vijana wetu wanaosoma kompyuta nao wanaanza kuziunda. Mzazi anayempa mwanawe simu, na kijana anayekaa kuandika programu, wote wawili wanahitaji kujua ni kipi katika programu hizi kinachomsaidia mtu kweli, na ni kipi kinachomfunga kwenye kioo cha simu.

Turudi kwa pagazi. Mbele yake alitembea kirangozi, ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Safari ilianza alfajiri, kukiwa bado na ubaridi, ikakoma kabla jua halijawa kali. Mtu akatua mzigo, akapika, akalala. Hakuna aliyetakiwa kuifikiria Tabora kila saa. Alitakiwa kuifikiria kambi inayofuata. Palipokuwa na nyika isiyo na maji, msafara ulifanya kile kilichoitwa terekeza: uliondoka baada ya adhuhuri na maji ya akiba, ukatembea hadi usiku, ukalala bila kisima, na asubuhi yake ukayafikia maji. Terekeza ilikuwa ya dharura, na kila mtu alijua kwamba haiwezi kuwa desturi ya kila siku. Ni jambo ambalo waunda programu wengi hawalijui. Wao humtaka mtumiaji afanye terekeza kila siku ya Mwenyezi Mungu, kisha wanashangaa anapoifuta programu yao baada ya wiki mbili.

Kulikuwa na namna ya kuhesabu pia. Karl Weule, msomi wa makumbusho ya Leipzig aliyezuru kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, alielezwa katika uwanda wa Makonde jinsi mume anayesafiri alivyomwachia mkewe kamba yenye mafundo 11. Fundo la kwanza ni leo, siku ya kuondoka. La tano ni siku ya kufika. La sita ni siku ya kukaa huko, na la saba ni siku ya kuanza kurudi. Mke hufungua fundo moja kila siku, na akifika la kumi ajue kwamba imempasa kupika, kwa kuwa la kumi na moja ndilo la mwenyewe kuingia nyumbani. Hapo ni mbali na Tabora, lakini hekima yake ingemfaa mtu wa njia yoyote ndefu.

Tuitazame kamba ile kwa jicho la mbunifu. Inafanya kazi moja tu. Mtu huigusa mara moja kwa siku, kisha huiweka. Ina mwisho, na mwisho huo unajulikana tangu siku ya kwanza. La nne ndilo zito kuliko yote: haikai kwa msafiri, inakaa kwa mkewe. Lengo la mmoja limekuwa hesabu ya nyumba nzima.

Asiyeamini kwamba kitu duni kama hicho kinaweza kushindana na simu, asikilize habari ya Kibera, jijini Nairobi. Watafiti kadhaa, akiwemo Dan Ariely, walitaka kujua ni kipi kitakachowasaidia wafanyakazi wa vibarua kuweka akiba kupitia simu kwa muda wa miezi sita. Baadhi walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Wengine walipata ujumbe ulioandikwa kana kwamba umetoka kwa watoto wao. Wengine waliongezewa fedha kidogo juu ya kila walichoweka. Na wengine walipewa kitu cha ziada: sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba 24 pembeni, namba moja kwa kila wiki, wakaambiwa waiweke mahali inapoonekana nyumbani na kila wiki waikwaruze namba yake kwa kisu kuonyesha kama wameweka au hawakuweka. Waliopewa sarafu waliweka akiba karibu mara mbili ya wale waliotumiwa ujumbe wa kawaida tu. Fedha za nyongeza hazikuufikia mkwaruzo wa kisu. Kwa maoni yangu sababu si ngumu: sarafu iko ukutani au mezani, mke anaiona, watoto wanaiona, na wiki iliyorukwa inaulizwa wakati wa chakula.

Hapa ndipo programu nyingi za malengo zinapokosea. Zimemwondoa mtu nyumbani kwake na kumweka peke yake na kioo. Mbunifu wa Kiislamu anayetaka kuisaidia familia angeanza na jambo ambalo familia inalo tayari, nalo ni nyakati tano za swala. Mwaka 1999 Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha kwamba mtu anayesema “nitasoma zaidi” hufanya kidogo kuliko anayefunga nia yake na tukio maalumu: likitokea hili, nitafanya hili. Kwetu tukio hilo huadhiniwa mara tano kwa siku. Chukua msahafu wa chapa ya Madina, wenye kurasa 604. Juzuu moja ni kurasa 20 hivi. Kurasa nne baada ya kila swala ni kurasa 20 kwa siku, na katika siku 30 msahafu umehitimika. Bibi wengi wasiojua kuwasha simu wameihesabu hivyo kila Ramadhani. Programu inayojengwa juu ya hesabu hiyo haihitaji kengele wala rangi. Inahitaji kukumbuka ukurasa mtu alipoishia, basi.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa zaidi, nalo ni mfululizo. Programu nyingi humhesabia mtu siku alizofanya jambo bila kukatiza: siku 12, siku 40, siku 100. Siku moja ikikosekana, hesabu hurudi sifuri. Mara nyingi mtu aliyepoteza siku 40 zake huona hakuna tena la kulinda, akaacha kabisa. Fiqhi yetu haikumfanyia mja hivyo. Aliyefungua Ramadhani kwa ugonjwa au safari hulipa siku zake, na zile alizofunga zinabaki zimefungwa. Msafiri hupunguza swala za rakaa nne zikawa mbili, wala haitwi mzembe. Mwanamke aliye katika hedhi haswali wala hafungi. Swala hazilipi, saumu atailipa. Programu inayomwonyesha binti huyu alama nyekundu kila mwezi kwa sababu “amevunja mfululizo” imeundwa na mtu ambaye hakumuuliza dada yake hata swali moja. Badala ya sifuri, mbunifu angeweka daftari la deni: zimebaki siku sita, umelipa mbili. Hilo huacha mlango wazi.

Yapo pia mashindano. Baadhi ya programu humtaka mtu atangazie marafiki zake kwamba amemaliza juzuu au amefunga Jumatatu na Alhamisi. Katika mazoezi ya mwili pengine hakuna ubaya. Katika ibada, mwenye kuunda programu ajiulize kama anamfungulia mtu mlango wa riya. Kamba ya Makonde ilijulikana na mke, haikutangazwa sokoni. Mke, mume, mwalimu wa madrasa, rafiki mmoja wa kweli: hao wanatosha.

Kuna jambo la fedha ambalo wazazi wengi hawaliulizi. Programu ya bure hulipwa na nani? Ikiwa inalipwa na matangazo, basi mwenye nayo hupata zaidi kadiri mtu anavyokaa ndani yake, na hapo nia ya mwenye programu na nia ya mwenye lengo zimeachana. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ule ukurasa usiokwisha, ambao kila ukiushusha unaleta mengine chini yake. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe alijutia ubunifu huo hadharani. Ukurasa usiokwisha ni msafara usio na kambi. Ipo mifano ya kinyume chake, kama programu ya Forest kutoka Taiwan: mtu hupanda mti kwenye kioo chake, na mti huo hukua maadamu hakuigusa simu. Ni chombo kinachomlipa mtu kwa kutokitumia, na wabunifu wachache wamethubutu kufika hapo.

Njia nyingine ya kujilipa ni kuuza habari za watumiaji. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa jarida la Motherboard walifichua kwamba programu ya Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 kwa ajili ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi, wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Kijana anayeunda programu ya kuhesabu swala za watu aisome sheria hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Jambo salama zaidi ni kuziacha habari za mtumiaji ndani ya simu yake mwenyewe, zisitoke. Hilo hupunguza pia gharama ya bando, na kwa familia ya Sikonge au Urambo yenye simu moja ya kushirikiana si jambo dogo.

Na iwe ya hapa. Programu ikimwambia mtu wa Isevya kwamba darsa ni “5:00” wakati yeye anaijua kuwa saa kumi na moja, imemfanya mgeni katika wakati wake mwenyewe. Zaidi ya hilo, Tanzania yote hutumia saa moja ya ukutani, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi sita na nusu hivi za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Tabora huzama takriban dakika 26 baada ya lile la Dar es Salaam, na la Ujiji takriban dakika 38. Programu iliyowekewa nyakati za Dar es Salaam peke yake itamfuturisha mtu wa Tabora jua likiwa bado juu, na saumu yake aliyoilinda tangu alfajiri iharibike kwa sababu ya mbunifu aliyekaa mbali.

Kuipima ni rahisi. Jioni yoyote isiyo na mawingu, kabla ya Ramadhani kuingia, mtoto atoke uani na simu mkononi, asubiri programu iadhini magharibi, kisha awaambie wazazi jua liko wapi.