Kabla hujauza kompyuta ya chama, futa diski yake

Na Mwandishi Wetu, Moshi

SIKU hizi si ajabu kukuta chama cha msingi cha kahawa Machame, Kibosho au Rombo kikitunza hesabu zake kwenye kompyuta. Inapochakaa, huuzwa kwa fundi mjini Moshi au hupewa shule ya kijiji. Wachache hujiuliza kilichobaki ndani yake.

Kwenye diski kuu, ambayo mafundi huiita hadi diski, hubaki majina ya wanachama, namba za simu na za akaunti, kilo walizopeleka, mikopo wanayodaiwa na nakala za vitambulisho. Wengi wamekwisha kupokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tapeli anayejua jina la mkulima, chama chake na malipo anayosubiri ataaminika upesi zaidi.

Kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakutoshi. Kompyuta huondoa tu jina la faili katika orodha yake. Maandishi hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo katika leja na kuziacha kurasa nyingine zote.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walieleza walivyonunua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizosomeka, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Wajibu huo hauondoki kwa sababu kompyuta imechakaa.

Kwanza, nakili kumbukumbu zote na uhakikishe nakala inafunguka kwenye kompyuta nyingine. Kisha, kwa diski yenye sahani zinazozunguka, andika sifuri juu ya diski nzima. Kwa diski za sasa mara moja inatosha. Kwenye Windows, tangu toleo la Vista, fomati kamili hufanya kazi hiyo. Fomati ya haraka haifanyi.

Matatizo yanayojitokeza ni haya:

Kompyuta inakataa. Windows haiwezi kufuta diski inayoiendesha. Chomoa diski uiunganishe kwenye kompyuta nyingine, au washa kompyuta kwa flashi yenye programu ya kufutia. Ondoa diski nyingine zote usije ukafuta isiyohusika.

Kazi haiishi. Diski ya terabaiti 1 huchukua kama saa tatu ikiandika megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa waya wa USB wa zamani inaweza kupita saa tisa. Subiri.

Umeme unakatika. Ukiwa unaandika sifuri, anza upya. Lakini ukitumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, diski inaweza kubaki imefungwa kwa nywila uliyoiweka. Iandike nywila hiyo pembeni, na utumie UPS.

Diski ni ya SSD. Kuandika juu yake hakufiki kila mahali. Tumia amri hiyo ya ndani au programu ya mtengenezaji. Ikijibu kwamba imegandishwa, ilaze kompyuta usingizi kisha uiamshe, ujaribu tena.

Diski inagoma katikati au inatoa mlio wa kugonga. Hiyo usiiuze. Ifungue, zitoboe sahani zake kwa drili. Vaa miwani, kwani sahani za laptop nyingi ni za kioo. Ya SSD, ponda vipande vyeusi vya kumbukumbu. Usiichome moto kihambani. Moshi wake una sumu.

Ukimaliza, jaribu diski kwa programu ya kurejesha faili zilizopotea. Ikileta hata jina moja la mwanachama, rudia kazi. Katibu aandike kwenye kumbukumbu za kikao namba ya diski, tarehe na aliyeifuta.

Bei ya diski iliyotumika ni ndogo. Ukiwa na shaka, uza kompyuta bila diski.