Kuisoma Grafu ya Usanisinuru Chini ya Jua la Mhunze

Ipo grafu moja ambayo mwanafunzi wa biolojia huikuta kabla ya kumaliza masomo ya sekondari. Mstari wake huanza chini upande wa kushoto, hupanda kwa haraka, kisha hupinda na kulala sambamba na mhimili wa chini. Kwenye mhimili huo huandikwa ukali wa mwanga. Kwenye mhimili wa wima, kasi ya usanisinuru. Wengi hulikariri umbo hilo kama wanavyokariri ramani ya nchi, wakalichora vizuri katika mtihani, lakini wasiweze kueleza kwa nini mstari ulilala. Hali hiyo yasikitisha, kwa kuwa sehemu iliyolala ina habari nyingi kuliko ile inayopanda.

Grafu yenyewe ilitokana na majaribio ya maabara za Ulaya, ambako mwanga ulikuwa wa taa. Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ina hali nyingine kabisa. Mji huo uko kusini mwa Ikweta kwa chini ya digrii 4. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili. Mahali kama hapo mwanga si kitu adimu. Mwanafunzi anayelirudia jaribio la kitabuni bila kulifikiria jambo hilo aweza kufanya kila kitu kwa uangalifu, akahesabu vizuri, akachora vizuri, kisha akafikia hitimisho lisilo la kweli.

Mambo yanayobadilika

Katika usanisinuru mmea huunda sukari kutokana na maji na kaboni dioksaidi, kwa nguvu ya mwanga inayonaswa na umbijani, na hutoa oksijeni. Maelezo hayo mafupi yamekwisha kutaja mambo manne yanayoweza kuzidi au kupungua: maji, kaboni dioksaidi, mwanga na umbijani. La tano ni halijoto, kwani kazi hiyo huendeshwa na vimeng'enya, navyo huenda polepole katika baridi na huharibika katika joto kali. Kila jambo la namna hiyo huitwa kigeu. Kile ambacho mtafiti hukibadilisha kwa makusudi ni kigeu huru, na nafasi yake katika grafu ni mhimili wa ulalo. Kile anachokipima ni kigeu tegemezi, na huwekwa kwenye mhimili wa wima. Vilivyobaki sharti vidhibitiwe, yaani visibadilike kwa muda wote wa jaribio. Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu vigeu havikubali kwa urahisi kukaa kimya.

Jaribio linalojulikana zaidi ni la kuhesabu viputo. Asili yake ni ya zamani: mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz alichapisha kitabu mjini London akionyesha kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa viputo yakiwa juani, na huacha kuvitoa yakiwa gizani. Shuleni hutumiwa mmea wa majini uliokatwa shina, ukawekwa ndani ya neli yenye maji, na viputo vinavyotoka kwenye mkato huhesabiwa kwa dakika. Kipimo hiki si kamili. Viputo havilingani ukubwa, wala hewa iliyomo si oksijeni tupu. Lakini kwa kulinganisha hali moja na nyingine, kwa mmea uleule, chatosha.

Na ichukuliwe mifano ya tarakimu, za kubuni, ili jambo lionekane. Taa iliyowekwa umbali wa sentimita 50 yaleta viputo 4 kwa dakika. Sentimita 30, viputo 11. Sentimita 20, viputo 22. Sentimita 10, viputo 30. Mwanafunzi mmoja achora umbali kwenye mhimili wa ulalo na kupata mstari unaoteremka. Haoni mahali popote palipolala, naye husema kwamba kadiri taa inavyosogezwa karibu ndivyo kazi inavyoongezeka, basi. Mwenziwe akumbuka kanuni ya fizikia kwamba umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga hubaki robo. Akiuita mwanga wa sentimita 10 kuwa 100, ule wa sentimita 20 ni 25, wa sentimita 30 ni 11, na wa sentimita 50 ni 4 tu. Achora tena viputo vilevile na kuona jambo jipya: kutoka 4 hadi 25 viputo vimepanda karibu sawa na mwanga, lakini kutoka 25 hadi 100, ambapo mwanga umeongezeka mara nne, viputo vimeongezeka 8 tu. Mmea ni uleule na hesabu ni zilezile. Kilichotofautiana ni kigeu kilichopewa mhimili.

Mwanafunzi wa pili atagundua pia kwamba nukta zake zimebanana upande wa kushoto, na kati ya 25 na 100, yaani pale pale mstari unapopinda, hana nukta hata moja. Afaa arudi kupima kwenye sentimita 14, ambako mwanga ni kama 51, na kwenye sentimita 11 na nusu, ambako ni kama 76. Umbali huo hauvutii kuutazama katika jedwali, lakini ndio unaoulenga mpindo. Mazoea ya kupanga umbali kwa 10, 20, 30 na 40 kwa sababu ni tarakimu nzuri yafaa yaachwe.

Taa yenyewe ina udanganyifu wake. Taa ya nyuzi hutoa joto jingi, na ikisogezwa karibu huongeza mwanga na halijoto pamoja. Viputo vikizidi, nani atajua ni kazi ya kipi? Dawa yake ni kuweka kati ya taa na neli chombo bapa cha kioo chenye maji safi, yapunguze joto yakapitisha mwanga, na kutia kipimajoto ndani ya maji ya mmea ili kisomwe kila mara hesabu inapochukuliwa.

Pale mstari unapolala

Mwaka 1905 F. F. Blackman, mtaalamu wa mimea wa Cambridge, alieleza kanuni ambayo ndiyo ufunguo wa grafu hii. Kazi inayotegemea mambo mengi, alisema, mwendo wake huamuliwa na lile lililo haba kuliko yote. Mwanga ukiwa haba, kuuongeza huongeza kasi, na mstari hupanda. Ukifika mahali mwanga umetosha, kuuongeza zaidi hakuleti kitu, kwa kuwa sasa kikomo kimewekwa na kigeu kingine. Mstari uliolala hausemi kwamba mmea umechoka, wala kwamba mwanga hauna faida. Husema kwamba kitu kingine kimepungua.

Jinsi ya kukitambua kitu hicho si vigumu. Jaribio hurudiwa katika maji yaliyoongezwa sodiamu baikaboneti kidogo, ambayo huipa mimea ya majini kaboni. Ikiwa mstari mpya walala juu zaidi ya ule wa kwanza, basi kilichokuwa haba ni kaboni dioksaidi. Ukilala palepale, halijoto ichunguzwe. (Blackman aliuchora mpindo kama kona kali. Katika mimea halisi mpindo ni wa taratibu, na mwanafunzi aliyeuchora hivyo asikatiwe alama.)

Sasa na tuirudie Mhunze. Jua la adhuhuri katika anga isiyo na mawingu hutoa mwanga unaokaribia laksi 100,000. Taa ya nyuzi ya wati 60, kwa umbali wa sentimita 10, haifikii hata sehemu moja ya kumi ya hiyo. Grafu nzima ya maabara, kupanda kwake na kupinda kwake, yaweza basi kuenea katika pembe ndogo ya kushoto ya mhimili unaohesabia jua. Shule isiyo na umeme wa kutegemewa huweka neli nje saa sita mchana, ikahesabu viputo; kisha huifunika kwa tabaka moja la chandarua cheupe na kuhesabu tena; hesabu zikawa sawasawa. Mwanafunzi huandika: "Mwanga hauathiri usanisinuru." Tarakimu zake ni za kweli, lakini hitimisho lake limekosewa. Alilolionyesha ni kwamba kati ya jua kamili na jua la chandarua kimoja, mwanga haukuwa kitu haba. Alifanya kazi yake yote kwenye sehemu iliyolala.

Ili kuupata upande unaopanda, tabaka ziongezwe mpaka viputo vianze kupungua, au jaribio lianzishwe alfajiri. Tabaka nazo zina hesabu yake, inayofanana na ile ya umbali: ikiwa kila moja hupitisha robo tatu ya mwanga, mbili hupitisha 56 katika 100, tatu 42, nne 32. Kwa hiyo idadi ya tabaka isiandikwe kwenye mhimili kana kwamba ndiyo mwanga. Simu ya mkononi yenye programu ya kupima mwanga husaidia sana hapa. Na neli ikae ndani ya beseni kubwa la maji, ambayo hayapati joto upesi.

Shambani mambo huwa magumu zaidi, kwani hakuna wa kuvizuia vigeu. Tangu saa moja asubuhi mwanga, joto na ukavu wa hewa hupanda pamoja. Majani ya pamba kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni huweza kuonekana yamelegea ifikapo saa saba mchana wakati mvua imekatika. Jani linapokosa maji hufunga vitundu vyake vidogo ili lisikauke, na kwa kuvifunga hujinyima kaboni dioksaidi. Grafu ya kutwa nzima huweza basi kupanda asubuhi, kuinama adhuhuri, na kuinuka kidogo alasiri. Asomaye kwa haraka atasema jua kali limeuzuia usanisinuru. Apime pia mmea wa jirani uliomwagiliwa: ukiwa haukuinama, kikomo kilikuwa maji. Tofauti hiyo si ya kitabuni tu, kwa kuwa anayelaumu jua atatafuta kivuli na anayelaumu udongo atanunua mbolea, na mmea bado una kiu.

Mtama na uwele, nafaka za wilaya hiyo, huwa na grafu ya namna nyingine. Hatch na Slack wa Australia walieleza mwaka 1966, kwa kuuchunguza muwa, njia ambayo mimea ya kundi hilo hutumia kukusanya kaboni dioksaidi ndani ya jani kabla ya kuitumia. Mimea mingi ya kundi la pili, kama mpunga na choroko, huanza kulaza mstari wake mwanga unapofika robo hadi nusu ya jua la adhuhuri. Mstari wa mtama huendelea kupanda mbele zaidi, na kwa kila lita ya maji mtama huunda chakula kingi zaidi. Mahindi nayo ni ya kundi hilohilo, ingawa hushindwa na ukame mapema kuliko mtama. Kumbe umbo la grafu moja halielezi tabia yote ya mmea.

Kigeu kimoja ambacho vitabu vingi vilikiona hakibadiliki kimebadilika. Vitabu vya miaka ya 1970 huandika kwamba kaboni dioksaidi ni asilimia 0.03 ya hewa. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilivyoanza mwaka 1958 vikisoma kama sehemu 315 katika kila milioni, sasa vimepita 420, yaani zaidi ya asilimia 0.04. Mstari wa choroko uliochorwa wakati ule ukichorwa leo, kwa mwanga uleule, halijoto ileile na maji ya kutosha, utalala juu kidogo; wa mtama utabaki karibu palepale.