Minyoo ya uzi: Akiugua mtoto mmoja, hutibiwa nyumba nzima

Mtoto anayejikuna makalio usiku na kukosa usingizi huenda ana minyoo ya uzi, minyoo midogo myeupe ambayo jike lake hufikia urefu wa milimita 8 hadi 13. Usiku, jike hutoka na kutaga maelfu ya mayai kandokando ya njia ya haja kubwa. Mtoto ajikunapo, mayai hunasa kwenye kucha, kisha huhamia mdomoni, kwenye shuka na kwa wenzake anaolala nao.

Mayai hayo huweza kuambukiza baada ya saa chache, na hudumu kwenye nguo na matandiko hadi wiki 2 au 3. Minyoo hii haihitaji udongo ili ikomae. Ndiyo maana hata nyumba safi haisalimiki. Mbwa na paka hawaienezi.

Kipimo cha choo mara nyingi hakionyeshi mayai. Hivyo hubandikwa utepe wa gundi asubuhi, kabla ya kuoga, ukachunguzwa kwa hadubini.

Dawa za albendazole na mebendazole huua minyoo, si mayai. Kwa hiyo dozi moja inayotolewa shuleni huenda isitoshe: hurudiwa baada ya wiki 2, na wote nyumbani hutibiwa pamoja. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 2 wamwone kwanza mhudumu wa afya.

Siku ya dawa, shuka na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto, kucha zikatwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.