Samoni wa Dukani Anakula Nini?

Tangu nianze kusoma ufugaji wa samaki hapa Stirling, kila tukikutana kwenye shughuli zetu naulizwa maswali mawili yale yale. La kwanza: eti ni kweli samoni wanapakwa rangi? La pili huja baada ya kicheko: kwani bahari imeisha samaki mpaka wafugwe kama kuku? Wahariri wameniomba niyajibu kwa maandishi, nami nimekubali, ila nitaongeza na la tatu ambalo hakuna anayeniuliza: huyo samaki analishwa nini, na chakula hicho kingeliwa na nani kama asingekila yeye?

Tuanze na yule wa mwitu. Samoni wa Atlantic huzaliwa mtoni, kwenye kokoto, na utotoni hula wadudu wadogo wa majini. Akishakua kidogo mwili wake hubadilika ili ustahimili chumvi, anashuka baharini na kuelekea kaskazini mpaka maji ya Faroe na Greenland. Huko ndiko anakonenepa. Anakula krili, ambao ni jamaa wa kamba lakini wadogo mno, anakula heringi wachanga na samaki wengine wenye mafuta. Baada ya mwaka mmoja au zaidi anarudi kwenye mto ule ule aliozaliwa, na akishaingia mtoni hali tena. Miezi kadhaa anaishi kwa mafuta aliyojiwekea baharini, anapanda maporomoko, anataga, na wengi hufia hapo.

Huyo humkuti dukani. Desemba 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka samoni wa Uingereza kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Samoni wa Atlantic mnayemwona kwenye friji za supamaketi ni wa kufugwa. Wa mwitu akiwepo, basi ni wa jamii nyingine, kutoka Alaska na bahari ile ya Pasifiki. Kwa hiyo lile swali la pili limeshajibika nusu.

Wa kufugwa hukaa kwenye vizimba, yaani nyavu kubwa za duara zinazoning'inia baharini, nyingi zikiwa pwani ya magharibi na visiwani huko juu. Kwa walioona vizimba vya sato pale Mwanza au Kisumu, ni wazo lile lile, ila hapa kizimba kimoja chaweza kuwa na makumi ya maelfu ya samaki. Pembeni kuna jahazi la chakula, na mabomba yanapuliza punje mpaka kwenye kila kizimba. Mtu anakaa kwenye kompyuta akitazama kamera za chini ya maji. Akiona punje zinapita bila kuliwa anapunguza, maana chakula peke yake ni karibu nusu ya gharama zote za mfugaji. Norway ndiyo kinara wa dunia, huzalisha kama tani milioni 1.5 kwa mwaka. Scotland, kwa miaka ya karibuni, imekuwa kati ya tani 150,000 na 205,000 hivi.

Sasa rangi. Hapana, hawapakwi. Ule wekundu wa nyama unatoka kwenye kitu kinaitwa astazanthini, ambacho samoni wa mwitu hukipata kwenye krili na kamba. Ni mambo yale yale ya heroe wetu wa Nakuru na Natron: bila chakula chenye rangi hii ndege yule angekuwa mweupe. Samoni wa kizimbani hali krili wa kutosha, kwa hiyo astazanthini, mara nyingi ya kutengenezwa kiwandani, inachanganywa kwenye punje. Bila hiyo nyama yake ingekuwa ya kijivujivu, na wateja wasingeigusa. Kuna hata kadi za kupimia rangi ya minofu, mfano wa zile za duka la rangi za nyumba. Hiyo si siri wala si sumu. Mimi naona watu wanapoteza muda mwingi kwenye rangi wakati jambo zito liko ndani ya punje yenyewe.

Mwaka 1990, chakula cha samoni wa Norway kilikuwa asilimia 65 unga wa samaki na asilimia 24 mafuta ya samaki. Yaani samoni alikula samaki, basi. Sehemu ya unga wa samaki hutoka kwenye samaki wadogo wanaoitwa anchoveta, ambao mimi nawaita dagaa wa Peru. Wanavuliwa kwa wingi kuliko aina nyingine yoyote ya samaki duniani, na karibu wote husagwa. Tatizo ni kwamba maji ya pale yakipata joto la El Niño, wanatoweka. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12. Mwaka 1973 hazikufika hata robo ya hizo. Na si habari za kale tu. Mwaka 2023 serikali ya huko ilifuta msimu mzima wa kwanza wa uvuvi katika eneo lao kuu kwa sababu samaki walioonekana wengi walikuwa wachanga, na bei ya mafuta ya samaki ikapaa.

Wafugaji waliliona hilo zamani, wakageukia shamba. Kufikia 2020 chakula cha Norway kilikuwa na unga wa samaki asilimia 12 tu na mafuta asilimia 10. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni soya iliyochujwa, ngano, maharage na mafuta ya kanola. Soya lazima ichujwe, maana ile ya kawaida humvimbisha samoni utumbo. Yaani mla nyama amefundishwa kula maharage, na anakua vizuri tu. Ila ameacha alama: watafiti wa hapa Stirling walionyesha mwaka 2016 kwamba zile omega-3 za baharini ndani ya samoni wa Scotland zilipungua kwa nusu kati ya 2006 na 2015. Samaki hatengenezi mafuta hayo kwa wingi mwilini mwake. Hutengenezwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho, viumbe vidogo vinakula mwani, samaki wadogo wanakula hivyo, na kuendelea. Ukimlisha kanola, unapata samoni wa kanola.

Hapa ndipo hesabu huchezewa, kwa hiyo tuifanye wenyewe. Ukisaga kilo 100 za anchoveta unapata kama kilo 22 za unga na kilo 5 tu za mafuta. Samoni anahitaji kilo 1.25 hivi za chakula ili aongeze kilo moja. Kwa hapo jamaa ni hodari sana: hapashi mwili joto, na maji yanambeba. Chukua basi chakula cha 1990: mafuta yake peke yake yalidai kilo 6 za samaki wadogo kwa kila kilo ya samoni. Kwa chakula cha 2020, mafuta yanadai kilo 2.5. Lakini ukihesabu kwa unga, unapata kama kilo 0.7. Kampuni hupenda kutaja hesabu ndogo, wapinzani hupenda kubwa, na wote wanasema kweli, maana samaki yule yule mmoja ndiye anayetoa unga na mafuta. Tena sehemu ya unga na mafuta hutoka kwenye vichwa na mifupa ya samaki walioshaliwa na watu, jambo ambalo ni jema na linashusha hesabu zaidi. Ukisikia mtu anataja tarakimu moja, muulize: unga au mafuta?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, Wanorway na Waperu wamalizane wenyewe. Ngoja. Wenzetu wa Senegal na Gambia katika chama hiki wanaijua habari ninayoielekea. Huko kuna samaki wa bei rahisi, Wasenegali wanamwita yaboi, ambaye kwa miaka mingi akina mama wa pwani walimnunua kwa wavuvi, wakamkausha na kumvusha mpaka nchi za ndani. Kisha viwanda vya unga wa samaki vikafunguliwa, vingi Mauritania, vingine Senegal, na Gambia kwenye vijiji kama Gunjur. Kiwanda kinanunua mtumbwi mzima kwa mara moja, wala hakichagui. Mama wa kukausha hawezi kushindana nacho. Unga na mafuta yanakwenda Asia, Uturuki na Ulaya, kulisha samaki wa watu wengine.

Na kwetu? Sitaki mtu aseme nimeandika kwamba dagaa wa Mwanza wanalishwa samoni wa Scotland. Sijasema hivyo. Lakini dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda, ndio samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi katika ziwa lile, na sehemu kubwa yao haifiki sahanini. Inaingia kwenye chakula cha kuku, na sasa, kadiri vizimba vya sato vinavyoongezeka, kwenye chakula cha samaki. Wale walioanikwa chini wakapata mchanga, au waliopigwa na mvua, huenda moja kwa moja kwa wasaga chakula cha mifugo. Wa kwenye vichanja ndio wa watu. Lakini msaga akiwa na haja, hata wa vichanja anawanunua.

Msiwachukulie dagaa poa. Dagaa analiwa mzima, na mifupa, na kichwa, na matumbo. Kwenye mifupa ndimo ilimo kalisiamu, kwenye vichwa na ini ndizo zilizo vitamini A na chuma. Mnofu wa samoni hauna vitu hivyo kwa kiwango hicho. Mwaka 2024 watafiti wa Cambridge na wenzao wa vyuo vya Scotland walilinganisha samaki wadogo wanaoingia kwenye chakula cha samoni na mnofu wa samoni anayetoka. Katika virutubisho tisa walivyopima, sita vilikuwa vimepungua: kalisiamu, madini joto, chuma, omega-3, vitamini A na B12. Vilivyoongezeka ni zinki na seleniamu. Samoni ni chakula kizuri, sisemi hapana. Ila kwa mtoto wa Sengerema au Homa Bay fungu la dagaa kwenye ugali halina mbadala wa bei ile, na bei ikipanda kwa sababu ya msaga chakula, anayekosa ni yeye.

Kuna njia nyingine, na baadhi tunazo tayari. Mwatiko wetu wa pwani, anayefugwa kwenye mabwawa ya maji ya chumvi nyuma ya mikoko, hula ukungu wa kijani wa majini na mwani laini, na ukimwongezea pumba anashukuru. Jongoo bahari anachuja mchanga. Mwani wa akina mama wa Unguja na Pemba haulishwi kabisa, unajitegemea kwa jua na maji. Wataalamu wa hapa nao wanahangaika na mafuta ya mwani mdogo yanayokuzwa kwenye matangi, na funza wa nzi askari weusi wanaofugwa kwenye takataka za jikoni, ambao Kenya na Tanzania pia wapo wanaowafuga. Bado ni ghali kuliko soya, lakini mafuta ya mwani yameshaanza kuingia kwenye punje za samoni.

Kwa mnaoniuliza ninunue nini na hela yetu hii ya boksi: mimi nanunua heringi mzima au kopo la sadini. Ni rahisi kuliko samoni, na ni yule yule ambaye samoni angemla. Na anayetaka kuona vizimba kwa macho yake aniambie mapema, mwezi wa sita tunakwenda Loch Fyne kwa basi dogo na nafasi hazizidi kumi na nne. Koti la mvua ulete mwenyewe.