TONE CHINI YA GARI LA KIKUNDI



Siku hizi vikundi vingi vina pikapu ya kubeba maziwa, mboga au simiti. Mara nyingi ni gari lililokwisha tumika miaka mingi kabla hatujalinunua. Pesa zake ni jasho la wanachama wote, na wanaopanda nyuma siku ya soko ni watu wetu. Kwa hiyo kulichunguza si kazi ya dereva peke yake.

Gari huonekana kana kwamba limeharibika ghafla, kumbe mara nyingi lilianza kwa tone moja chini. Kujua tone hilo ni la nini hakuhitaji vifaa vya gereji. Kunahitaji katoni kuukuu na usiku mmoja tu.

NAMNA YA KUPIMA

1. Jioni, simamisha gari mahali palipo sawa, pasipo mteremko. Zima injini, vuta breki ya mkono, na utie jiwe kwenye gurudumu.

2. Fungua katoni uzitandike chini ya gari, kutoka mbele hadi nyuma, na karibu na kila gurudumu. Andika MBELE upande wa mbele. Weka mawe ili upepo usizipeperushe.

3. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, vuta katoni nje. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ikiteleza, mtu amekwisha.

4. Angalieni tone liko wapi, lina rangi gani na linanuka nini. Msionje! Kisha oshe mikono kwa sabuni.

TONE LASEMA NINI?

Maji safi, hayana rangi wala harufu: kama gari lina mashine ya hewa baridi na ilikuwa imewashwa, hiyo ni kawaida. Kama halina, angalieni rejeta, hasa ikiwa mnatia maji matupu.

Maji ya kijani, mekundu au ya waridi, mara nyingi upande wa mbele: ni maji ya rejeta yenye dawa. Injini ikikosa maji itachemka, na ikichemka sana huharibika kabisa. Dawa hiyo ina ladha tamu lakini ni sumu. Huua mbwa na mifugo, na ni hatari kwa watoto. Mwageni mchanga hapo na mpaondoe.

Mafuta ya kahawia au meusi chini ya injini: ni oili ya injini. Injini ikikauka oili, vyuma husagana na kushikana.

Mafuta mekundu: kwa kawaida ni ya usukani wa pawa, au ya giaboksi ya otomatiki.

Mafuta mazito yenye harufu kali, katikati au nyuma: ni ya giaboksi au ya difu.

Mafuta mepesi yanayoteleza, meupe au ya manjano kidogo, karibu na gurudumu au chini ya pedeli: huenda ni mafuta ya breki. Yakizeeka huwa ya kahawia, kwa hivyo msidanganywe na rangi. Angalieni mahali yalipodondokea.

Petroli au dizeli: pua itawaambia. Petroli hukauka upesi, dizeli hubaki.

LIPI LINGOJE, LIPI LISINGOJE

Tone la breki halingoji. Kanyaga pedeli: ikizama polepole au ikiwa laini, gari lisitoke hata kama maziwa yataharibika. Hata pedeli ikiwa ngumu, fundi aitwe aje kwenye gari. Msitie oili ya injini kwenye kikopo cha breki, maana huharibu mipira ya ndani na breki zote zaweza kukataa.

Tone la petroli pia halingoji. Msiwashe injini, wala msimulike kwa kibiriti au koroboi. Tumieni tochi, au ngojeni kupambazuke.

Rejeta na oili: pimeni kwanza. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani maji huruka na kumchoma mtu uso. Oili ipimwe kwa kijiti chake, gari likiwa mahali sawa na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Ikiwa chini ya alama ya pili, ongezeni kabla ya kwenda kwa fundi.

Dereva anaweza kusema, “Hii gari iko sawa tu, naongeza kila Jumatatu.” Lakini kuongeza si kutengeneza. Mpira uliopasuka kidogo leo, kesho hupasuka wote, na mara nyingi mpira wenyewe ni bei nafuu kuliko injini.

Chagueni watu wawili wa kupima mara moja kwa mwezi, na kabla ya safari ndefu. Waandike daftarini tarehe, mahali pa tone na rangi yake. Daftari hilo mpelekeeni fundi, atajua pa kuanzia. Oili chafu isimwagwe mtoni wala shambani. Iwekwe kwenye jerikeni na kurudishwa gereji.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Nani kati yetu ana ruhusa ya kusema gari lisitoke leo? Je, dereva atamtii? Tumeweka pesa kiasi gani kando kwa matengenezo madogo?